Somo: Lenzi ya Kupigia Picha za Watu, Bila Kumaliza Akiba ya Kikundi



Wengi wenu mmekaa matangani hapa kwetu Kakamega, na mnaijua ile picha inayowekwa juu ya jeneza au mbele ya programu ya mazishi. Mara ngapi tumeona ni ile ya kitambulisho, imekuzwa mpaka imekuwa madoadoa, na mama wa watu ametoa macho kama aliyeshtuliwa? Mtu ameishi miaka themanini, amelea watoto tisa, na picha moja tu aliyo nayo ni ya siku aliyopanga foleni ya kipande. Wengine hukata uso wa marehemu kutoka picha ya arusi ya jirani, na bega la jirani linabaki hapo pembeni.

Kwa hivyo tulifurahi wakati kikundi kimoja cha vijana upande wa Shinyalu kilipoanza kutembelea maboma siku za Jumamosi kupiga picha za wazee. Bei yao ni ndogo, picha inasafishwa mjini na kuletwa nyumbani ikiwa kwenye fremu. Walikuwa na kamera ndogo ya kisasa, mtumba, waliyonunua kwa akiba yao. Baada ya miezi miwili walituletea bahasha ya picha ambazo wenye picha walizikataa. Sura nyingine zilikuwa nyeusi tititi na dirisha nyuma linawaka. Nyingine zimetikisika. Nyingine pua imekuwa kubwa kuliko mashavu. Na jambo lililowauma zaidi ni hili: mzee mmoja waliyempiga vibaya walikuwa wamemwahidi kurudi, na kabla hawajarudi akafariki. Jamaa zake walitumia picha ya kitambulisho.

Wakatuuliza: je, tununue lenzi ya potreti? Ipi? Tuna shilingi elfu ishirini na kitu tu.

Sisi si mafundi wa kamera. Lakini tuliwahi kupoteza pesa za ofisi kwa jambo hilo hilo, tukajifunza kwa uchungu, na ndiyo maana tumeona tuliandikie somo.

KWANZA, TUELEWE KAMERA YENYEWE

Kamera kubwa za zamani za wapiga picha wa arusi zina kioo ndani. Kioo hicho kinarusha picha juu mpaka kwenye jicho lako, halafu ukibonyeza kinaruka, ndiyo ile sauti ya "klap". Kamera hizi ndogo za siku hizi hazina kioo hicho. Unaona picha kwenye skrini vile itakavyotoka. Kwa sababu kioo hakipo, lenzi inakaa karibu sana na sensa, ile sahani ndogo inayopokea mwanga badala ya filamu. Weka jambo hilo akilini, tutalirudia tukifika kwenye shingo ya kamera.

Kamera hizi kwa kawaida huuzwa pamoja na lenzi ndogo ya zumu. Mbele imeandikwa kitu kama 16-50mm, 3.5-5.6. Milimita zinakuambia lenzi inaona upana kiasi gani: namba ndogo inaona eneo pana, namba kubwa inavuta mtu karibu. Ile namba nyingine, ya f, inakuambia tundu la lenzi linafunguka kiasi gani, na hapa wengi huchanganyikiwa kwa sababu namba ikiwa ndogo ndipo tundu ni kubwa.

Hesabu yake ni rahisi. Gawanya milimita za lenzi kwa namba ya f. Lenzi ya zumu ikivutwa hadi 50 ikiwa na f ya 5.6, tundu lake ni milimita 9 hivi. Hata kidole kidogo hakipiti. Lenzi ya 50 yenye f ya 1.8 ina tundu la karibu milimita 28, karibu sawa na kizibo cha soda. Mwanga unaoingia ni zaidi ya mara tisa. Sasa mfikirie kukhu ameketi ndani ya nyumba ya mabati yenye dirisha moja. Kwa lenzi ya zumu kamera italazimika kukaa wazi, tuseme, sehemu moja ya ishirini ya sekunde. Mkono ukitetemeka, au kukhu akipepesa macho, picha imeharibika. Kwa lenzi ya 1.8 kamera hiyo hiyo, nyumba hiyo hiyo, inatumia sehemu moja ya mia mbili ya sekunde hivi. Hapo hata mtoto akiruka unamkamata.

Zile picha zilizotikisika za vijana wetu hazikuwa uzembe. Zilikuwa njaa ya mwanga.

PUA KUBWA INATOKA WAPI?

Hapa tunataka kukaa kidogo, maana hata wauzaji wengine hueleza vibaya. Watu husema lenzi pana inaharibu sura. Sio lenzi. Ni umbali. Ukisimama nusu mita kutoka kwa mtu, pua yake iko karibu na wewe kuliko masikio kwa kiasi kikubwa, kwa hivyo inatokea kubwa. Ukirudi nyuma mita moja na nusu au mbili, tofauti hiyo inakuwa ndogo na sura inatulia, inakuwa vile tunavyomwona mtu tukizungumza naye. Jaribu na simu yako leo jioni: mpige mtu kutoka karibu sana, kisha rudi nyuma na ukate picha. Utaona ni watu wawili.

Kazi ya lenzi ya potreti basi ni kukuwezesha kusimama mbali kwa heshima na bado uso ujaze picha. Wakati wa filamu watu walipenda lenzi ya milimita 85. Lakini sensa ya kamera nyingi ndogo ni ndogo kuliko filamu, kwa hivyo lenzi inaonekana kama imevuta zaidi. Kwa kamera ndogo za Sony, Nikon na Fujifilm zidisha kwa 1.5, kwa Canon ndogo zidisha kwa 1.6, kwa Olympus na Panasonic zenye sensa ya Micro Four Thirds zidisha mara mbili. Hivyo 50 inakuwa kama 75 au 80, na 45 kwenye Olympus inakuwa kama 90. Usinunue 85 kwa sababu tu rafiki wa Nairobi mwenye kamera kubwa amekuambia.

Tulipima kwa futi ili tuseme jambo la uhakika. Kwa lenzi ya 50 kwenye kamera ya aina ya kuzidisha kwa 1.5, ukisimama mita mbili unapata mtu aliyeketi kutoka kichwani mpaka kiunoni hivi. Vizuri sana. Lakini ukitaka mtu mzima amesimama, kichwa mpaka viatu, na nafasi kidogo juu na chini, unahitaji mita nne na robo. Kwa 85 unahitaji zaidi ya mita saba, utakuwa umetoka nje ya mlango, umevuka uwanja, uko kwenye ndizi. Kwa 35 unahitaji mita tatu. Sasa nenda ukapime sebule za maboma unayotembelea, na ukumbuke kuna makochi, meza, na kabati ya vyombo.

SHINGO YA KAMERA: HAPA NDIPO TULIPOTEZA PESA

Kila kampuni ina aina yake ya shingo, yaani pale lenzi inapofungwa. Na kampuni moja inaweza kuwa na shingo mbili au tatu! Sisi hatukujua. Tuliagiza lenzi ya ofisi, muuzaji akatuuliza kamera ni ya aina gani, tukamtajia jina la kampuni tu. Lenzi ikafika kwa matatu, ikiwa safi, jina la kampuni lile lile, na ikakataa kuingia. Tuliizungusha mpaka katibu wetu akaogopa tutavunja. Kosa lilikuwa letu, na pesa hazikurudi zote.

Basi soma herufi. Canon wana shingo ya EF ya kamera za kioo, EF-M ya kamera ndogo za EOS M, na RF ya kamera mpya za R. Lenzi ya EF inaweza kuvaliwa na EOS M au R kupitia adapta, kwa sababu lenzi hiyo ilitengenezwa ikae milimita 44 kutoka kwenye sensa, na kamera isiyo na kioo ina nafasi ya milimita 18 au 20 tu. Adapta inajaza pengo. Lakini lenzi ya EF-M haiwezi kwenda kwenye RF. Canon waliacha kutengeneza familia ya EOS M mwaka 2023, kwa hivyo mtumba wake huwa na bei ya kuvutia, ila ujue lenzi zake hazitakufuata ukihamia kamera mpya. Lenzi ya EF pamoja na adapta itakufuata.

Nikon wana F ya zamani na Z ya sasa. Adapta yao ya FTZ inafanya kazi, lakini lenzi za zamani za AF-D zinapoteza fokasi ya kujiendesha, itabidi uzungushe mwenyewe. Sony ndogo ni shingo ya E. Herufi FE maana yake lenzi imetengenezwa kwa sensa kubwa lakini inaingia. Olympus na Panasonic wanatumia shingo moja, na hiyo ni baraka kwa mnunuzi wa mtumba.

ZIPI BASI?

Tunataja zile tunazojua si za matajiri. Mwenye kamera ya Sony atazame E 50mm f/1.8 yenye herufi OSS. Herufi hizo maana yake ndani yake kuna kitu kinachotuliza mtikisiko wa mkono, na kamera nyingi ndogo za Sony hazina kitu hicho ndani ya mwili. Kuna FE 50mm f/1.8 ya mwaka 2016 ambayo haina OSS na fokasi yake huenda polepole. Usiichanganye na ile. Kampuni ya Sigma pia wana 30mm na 56mm, zote f/1.4. Ni nzuri kabisa, ila bei inapanda.

Mwenye Canon ya R atapata RF 50mm f/1.8 STM iliyotoka mwaka 2020. Ina gramu 160 tu na ilianza kuuzwa Marekani kwa dola 199. Mwenye EOS M atafute EF 50mm f/1.8 STM na adapta, au EF-M 22mm f/2 kama kazi yake ni ndani ya vyumba vidogo. Mwenye Nikon Z ndogo aangalie Z 40mm f/2. Mwenye Fujifilm, XC 35mm f/2. Mwenye Olympus au Panasonic amebahatika: Olympus 45mm f/1.8 ya mwaka 2011 ina gramu 116, inaingia kwenye mfuko wa shati, na mitumba yake ni mingi.

Halafu kuna lenzi za Uchina kama TTArtisan, 7Artisans na Viltrox. Nyingine zina fokasi ya kujiendesha, nyingine hazina kabisa. Uliza swali hilo moja kabla ya kutuma M-Pesa. Ukiagiza kutoka ng'ambo, ile bei unayoona kwenye simu sio bei ya mwisho. Kuna usafiri, ushuru, na VAT ya asilimia 16.

Na zile za zamani kabisa za filamu? Kuna wazee wapiga picha mjini ambao studio zao zilifungwa simu zilipoingia, na kabatini wana lenzi za 50mm zilizokaa miaka. Kuna pia Helios 44 ya Kirusi, 58mm f/2, iliyotengenezwa kwa wingi enzi za Sovieti. Kwa adapta ya bei ndogo zinafanya kazi vizuri. Lazima uwashe kwenye menyu ile sehemu inayoruhusu kamera kupiga bila kutambua lenzi, la sivyo itakataa na utadhani imeharibika. Fokasi utazungusha kwa mkono, na kamera nyingi huweka rangi kwenye kingo za kitu kilichokaa sawa. Kwa mzee aliyeketi ametulia, hii inatosha. Kwa wachezaji wa isukuti, usijaribu. Utapata kumbukumbu ya vumbi.

KUKAGUA MTUMBA

Beba kamera yako, usibebe maneno. Ifunge lenzi hapo hapo, piga picha ya uso wa muuzaji kwenye tundu kubwa, kisha kuza kwenye skrini utazame kope. Mulika tochi ya simu upande mmoja wa lenzi ukitazama upande mwingine. Mchubuko mdogo wa mbele hauna neno. Adui wetu hapa ni kuvu. Inaonekana kama utando wa buibui au mizizi midogo ndani ya kioo. Kakamega tunapata mvua nyingi, karibu na msitu hufikia milimita 2,000 hivi kwa mwaka, na lenzi ikifungiwa kwenye mfuko wa ngozi juu ya kabati inaota kama mahindi ya kuoza. Ukishainunua, ikae kwenye ndoo au chombo cha plastiki kinachofunga kabisa, pamoja na vile vipaketi vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Msitumie mchele, una vumbi.

TUNDU KUBWA LISIKULEVYE

Vijana wakipata f ya 1.8 hawataki kuifunga tena, kwa sababu nyuma kunakuwa ukungu mzuri kama wa sinema. Lakini kwa 50mm ukiwa mita mbili, sehemu iliyo safi ni sentimita 11 hivi tu. Ukisogea mpaka mita moja inakuwa sentimita 3: jicho safi, sikio limeyeyuka. Kwa mtu mmoja f ya 2.8 inatosha sana, kwa mume na mke funga hadi 4 au 5.6, na kwa familia nzima tafuta kivuli cha nje ufunge hadi 8.

Mzee mmoja karibu na Khayega alitaka kupigwa na fahali wake, fahali ambaye ameshapigana mara kadhaa na anajulikana. Kijana akafungua tundu lote. Mzee alitoka safi, kila mkunjo wa uso unaonekana. Fahali akawa wingu la rangi ya udongo. Mzee alitazama picha, akauliza, "Na huyu ni nani?" Hakulipa, na sisi tunaona alikuwa na haki. Miaka ya 1990 wapiga picha wa pale feri ya Likoni, Mombasa, walichora mapazia makubwa ili mteja apate nyuma anayoitaka. Mteja wetu nyuma yake anayo tayari. Muulize kwanza anataka nini kionekane.

Na zile sura nyeusi? Hapo lenzi haina kosa. Kamera hupima picha nzima. Ikiona ukuta mweupe au dirisha linalowaka, inapunguza mwanga, na uso wa mtu wetu unazama. Kodak wenyewe kwa miaka mingi walipanga rangi za picha kwa kadi yenye sura ya mwanamke mzungu, kwa hivyo shida ya ngozi yetu na mashine haikuanza leo. Tumia kitufe cha kuongeza na kupunguza mwanga, ongeza hatua moja hivi, mpaka uso wenyewe uonekane sawa kwenye skrini. Na mgeuze mtu: dirisha au mlango uwe upande wake, usiwe mgongoni.

HESABU YA KIKUNDI

Tuseme lenzi na adapta zinagharimu shilingi 21,000, na kila picha, ukitoa kusafisha, fremu na boda boda, inabakiza 150. Mnahitaji picha 140 kurudisha pesa. Mkipiga nane kila Jumamosi, ni karibu wiki kumi na nane, na hiyo ni kama mvua haijawafungia njia. Kama hesabu ni miaka miwili, kodisheni kwanza, au azimeni. Msikope kwa sababu ya ukungu mzuri wa nyuma.

Pia waombe watu ruhusa kabla ya kubandika picha zao ukutani au kwenye simu kama tangazo. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, uso wa mtu si mali ya mpiga picha.

KABLA YA KUNUNUA, FANYENI HIVI

Hili ndilo jaribio tuliloliwapa vijana, na halikugharimu kitu. Chukua lenzi ya zumu uliyo nayo. Wiki ya kwanza iweke kwenye 50, ukaibandike selotepu isizunguke. Wiki ya pili iweke kwenye 35. Piga kazi zako zote hivyo. Andika kwenye daftari kila mara ulipogonga ukuta kwa mgongo, na kila mara ulipolazimika kumsogelea mtu mpaka akainamisha uso.

Walikuwa wamekuja kwetu wakiwa na uhakika kwamba wanataka 50. Daftari lilisema vingine. Wiki ya 50 walikwama ndani ya nyumba kumi na moja kati ya kumi na nne, wengi wa wazee hawawezi kutoka nje kwa miguu yao, wanapigwa pale walipoketi. Wiki ya 35 walikwama mbili tu. Wakanunua 35, mtumba, f/1.8, baada ya kumulika tochi na kukataa ya kwanza waliyoonyeshwa kwa sababu ya kuvu. Walibakiwa na pesa kidogo, wakanunua betri ya pili.

Orodha yao sasa ina maboma ishirini na matatu. Wameipanga upya: hawafuati tena njia iliyo fupi kwa boda boda, wanaanza na aliye mkongwe zaidi.